Largs 1263: visiwa vilipatikana mezani, sio ufukweni

Ukifika Largs, mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Uskoti, utakuta mnara mwembamba wa mawe umesimama karibu na maji, wenyeji wanauita Penseli, ulijengwa mwaka 1912 kukumbuka vita ya tarehe 2 Oktoba 1263, siku ambayo kwa jinsi inavyosimuliwa Waskoti waliwatimua Wanorwe na kuwanyang'anya visiwa vyote vya magharibi. Kila mwaka kuna tamasha pia, watu wanavaa deraya na kushika ngao, watoto wanafurahi, na hilo halina shida yoyote. Shida ni hiyo stori yenyewe. Ukiifuatilia hatua kwa hatua unakuta ile vita ilikuwa purukushani ya ufukweni ya watu mia kadhaa, haikuhamisha kisiwa hata kimoja, na visiwa vyenyewe vilibadili mmiliki karibu miaka mitatu baadaye, kwenye mji wa Perth, watu wamekaa, wameandika, wamekubaliana bei. Kwangu mimi huo mkataba ni kazi kubwa kuliko ile vita, na inaniuma kwamba vita imepewa mnara na tamasha huku masharti ya Perth wengi hawajawahi hata kuyasikia.

Tuvielewe visiwa kwanza, maana mtu akisikia visiwa vya Uskoti anaweza kudhani ni vipande vitatu vinne vya mawe. Ni mamia. Kuna Lewis kule kaskazini, unakuja Skye, Mull, Islay, halafu Arran na Bute zilizo ndani kabisa ya ghuba ya Clyde, yaani mlangoni kwa mfalme wa Uskoti, na kusini zaidi katikati ya bahari ya Ireland kuna kisiwa cha Man. Wanorwe walianza kufika huko zamani sana, wengine walikuja kupora, wengine wakabaki wakalima na kuoa, na baada ya vizazi kadhaa ukawa na watu wenye majina ya Kinorwe wanaoongea Kigaeli na wenye majina ya Kigaeli wanaounda vyombo vyao kwa mtindo wa Norwe. Mwaka 1098 mfalme Magnus wa Norwe, yule waliyempa jina la utani la Miguu Mitupu, alipatana na mfalme wa Uskoti kwamba visiwa vyote vya magharibi ni vyake, na kuna simulizi maarufu kwamba sharti lilikuwa kila nchi ambayo chombo chenye usukani kinaweza kupita kati yake na bara, basi Magnus akakaa kwenye mashua yake, mkono kwenye usukani, akaamuru watu waiburute nchi kavu kuvuka ile shingo nyembamba ya Tarbert, ili rasi nzima ya Kintyre nayo ihesabiwe kuwa kisiwa. Hata kama imetiwa chumvi, inakuonyesha umiliki wa kule ulikuwa wa namna gani, ni maneno ya wakubwa wawili waliokubaliana juu ya kitu ambacho wenye nacho hawakuwepo kwenye kikao.

Sasa Bergen, mji wa mfalme wa Norwe, ni mbali. Mfalme wa Norwe hakuweza kuja kila msimu kukusanya kodi na kuamua kesi, kwa hiyo visiwa vilikuwa na wakubwa wake, wafalme wa Man upande mmoja, na upande mwingine uzao wa Somerled, yule jemadari aliyepigana baharini mwaka 1156 akaimega nusu ya ufalme wa visiwa, akauawa mwaka 1164 karibu na Renfrew akiwa anamshambulia mfalme wa Uskoti. Watoto na wajukuu wake wakagawana, na wengi wao wakaishia na mashamba pande zote mbili, visiwani wanashika kwa jina la mfalme wa Norwe, bara wanashika kwa jina la mfalme wa Uskoti. Mambo yakiwa shwari hiyo ni neema, unakula huku na huku. Yakichafuka huna pa kukimbilia.

Na yalichafuka polepole, sio kwa siku moja. Mwaka 1244 Alexander wa pili wa Uskoti alituma wajumbe Norwe kuomba visiwa, walipokataliwa wakasema basi tuuzieni, tutalipa fedha, na mfalme Haakon akajibu kwamba hajaishiwa kiasi cha kulazimika kuuza nchi. Lishike hilo jibu. Yaani wazo la kununua lilikuwepo mezani karibu miaka 20 kabla ya Largs, na lilitoka kwa Waskoti wenyewe. Alexander wa pili akaamua kwenda kwa nguvu mwaka 1249, akaugua njiani akafia kwenye kisiwa kidogo cha Kerrera, akaacha mtoto wa miaka 7, Alexander wa tatu, na kwa miaka kadhaa wakubwa wa Uskoti wakawa wanagombania nani amshike huyo mtoto. Alipokua akarudi kwenye jambo la baba yake. Mwaka 1261 akatuma wajumbe tena, wakarudi bila kitu, na mwaka 1262 jemadari wake, mkuu wa Ross, akavamia Skye. Taarifa zilizofika Norwe zilisema wamechoma vijiji na makanisa na kwamba watoto wachanga walichomwa mikuki. Taarifa za vita huwa zinakuzwa, lakini hata ukiondoa nusu yake bado ni watu wa Skye waliokufa kwa kosa la kuishi mahali ambapo wafalme wawili wanapataka.

Haakon wakati huo alikuwa na miaka karibu 60 na alikuwa kwenye kilele chake, Greenland ilishakubali kuwa chini yake mwaka 1261, Iceland ikafuata kuanzia 1262, ufalme wake haujawahi kuwa mpana vile, na mtu wa namna hiyo akiletewa habari za Skye hawezi kukaa kimya, kila mkubwa wa visiwani angesema huyu ni mfalme wa jina tu. Kwa hiyo akaita vyombo vya nchi nzima. Kwa utaratibu wa Norwe kila wilaya ilipaswa kutoa chombo, watu na chakula cha muda fulani, na msafara uliotoka, kwa hesabu ya Wanorwe wenyewe, ukawa na vyombo zaidi ya 120, chombo cha mfalme mwenyewe kikiwa cha mti wa mwaloni na vichwa vya joka vilivyopakwa dhahabu. Ni jeshi la kutisha kweli. Ila lilichelewa, na hapa ndipo naona mambo yaliharibika kabla hata mshale mmoja haujarushwa. Aliondoka Norwe mwezi Julai, akakaa Shetland, akakaa Orkney, visiwa vya kaskazini ya Uskoti vilivyokuwa chini ya Norwe, tarehe 5 Agosti akiwa Orkney jua likapatwa, likabaki kama pete ya mwanga angani, jambo ambalo waandishi wake waliliandika na ndilo linalowasaidia wataalamu leo kuthibitisha tarehe za safari nzima. Akataka sehemu ya msafara uende kuvamia pwani ya mashariki ya Uskoti, watu wake wakagoma, wakasema hatwendi popote bila mfalme mwenyewe. Hiyo ilitakiwa imshtue. Wale hawakuwa askari wa mshahara, ni wakulima na wavuvi waliotoa chakula chao, wanahesabu siku za kurudi nyumbani.

Alipofika visiwani wakubwa wakaanza kuja mmoja mmoja. Magnus wa Man akaja na watu wake, Dugald wa uzao wa Somerled akaja, Angus wa Islay akasita kwanza halafu akakubali. Halafu akaja Ewen wa Argyll, na huyu ndiye mtu ninayemheshimu kuliko wote kwenye habari hii. Ewen alikuwa na visiwa kwa Haakon na nchi kubwa zaidi bara kwa Alexander. Angeweza kujificha asubiri nani atashinda, au angeweza kuapa huku akiwa na mpango mwingine moyoni, wengi walifanya hivyo. Yeye akaenda mpaka kwa Haakon akamwambia uso kwa uso kwamba nimeshaapa kwa mfalme wa Uskoti na nchi aliyonipa ni kubwa kuliko uliyonipa wewe, siwezi kukufuata, chukua visiwa vyako. Anamwambia hivyo mfalme mwenye vyombo zaidi ya mia nyuma yake! Na Haakon, kwa sifa yake, hakumuua, alimshikilia kwa muda kisha akamwachia kwa zawadi, akamtumia kama mtu wa kupeleka ujumbe wa amani kwa Alexander. Kwenye vita ambayo kila upande unadai haki, hawa wawili walionyesha ustaarabu ambao tamasha la Largs halina nafasi ya kuuonyesha.

Basi msafara ukatia nanga upande wa Arran, na mazungumzo yakaanza, watawa wakienda na kurudi kati ya wafalme wawili. Hapa naomba tuende taratibu maana ndio moyo wa jambo. Haakon aliorodhesha visiwa anavyodai. Alexander akajibu kwamba Arran, Bute na visiwa viwili vya Cumbrae hawezi kuviachia, na kwa mengine tofauti haikuwa kubwa. Umeliona hilo? Mwaka 1263 mfalme wa Uskoti alionekana yuko tayari kuacha Skye, Lewis, Mull, Islay, karibu kila kitu, mradi apate vile vilivyo mlangoni kwake. Haakon angekubali pale pale, angerudi Bergen na sehemu kubwa ya visiwa imetambuliwa rasmi kwa mara nyingine, bila kupoteza mtu. Hakukubali. Na Waskoti walipoona hakubali wakabadilisha mchezo, wakaanza kumpiga danadana, leo wanakubali kikao, kesho wanaomba muda, keshokutwa kuna neno moja halijakaa sawa, na huku siku zinakwenda, Septemba inaisha, chakula cha vyombo zaidi ya 120 kinapungua na hewa ya kaskazini inabadilika. Mtu wa pwani yetu anayejua kaskazi na kusi atalielewa hili haraka kuliko profesa yeyote, ukipitiliza msimu wako bahari haikusubiri ujadiliane nayo. Alexander alikuwa ndio kwanza ametimiza miaka 22, na ile subira ni ya mzee aliyekula chumvi nyingi, sijui kama ilitoka kwake au kwa washauri wake lakini ndiyo iliyomshinda Haakon.

Haakon mwenyewe alipochoka kusubiri akavunja suluhu na kutuma sehemu ya vyombo, wakiongozwa na Magnus wa Man na wakubwa wengine wa visiwani, wakapanda ghuba ya Loch Long mpaka mwisho, wakaburuta mashua nchi kavu kuvukia ziwa la Loch Lomond, wakachoma na kupora nchi ya Lennox iliyodhani iko salama kwa kuwa haina bahari. Kwa ufundi ni jambo la ajabu, watu wanabeba vyombo kupita mlimani. Ila ukitazama kwa jicho la mtu anayetaka visiwa, hiyo safari ilileta nini? Ilichoma nyumba za wakulima, ikagawanya msafara wakati mbaya kuliko wote, na vyombo 10 kati ya hivyo vikavunjwa na dhoruba wakati wa kurudi.

Dhoruba ile ile ndiyo iliyoleta Largs. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba upepo ukageuka ukawa mkali kiasi kwamba wapo waliosema ni uchawi, chombo cha mizigo kikakokota nanga kikaja kugongana na chombo cha mfalme, wakawa wanashusha nanga baada ya nanga na bado kinasogea, mpaka Haakon akashuka na mashua ndogo akaenda kisiwa cha Cumbrae kusomewa misa. Asubuhi ilipofika vyombo kadhaa vilikuwa vimepwelewa kwenye pwani ya Largs, kikiwemo kile cha mizigo kilichojaa shehena. Waskoti wa pale wakaanza kuwarushia mishale waliokwama, Wanorwe wakatuma msaada, wakashindana hivyo mpaka Waskoti wakarudi nyuma, na usiku Waskoti wakaja kuchukua walichoweza kwenye kile chombo cha mizigo.

Kesho yake, tarehe 2, mfalme mwenyewe akashuka pwani na watu wake kupakua shehena iliyobaki. Narudia, walishuka kupakua shehena. Hawakuja kuteka Largs wala kuingia Uskoti, walikuwa watu mia nane mpaka mia tisa kwa hesabu ya Wanorwe, karibu 200 wamesimama juu ya kilima kidogo chini ya kamanda Ogmund kulinda, wengine wote chini kwenye changarawe wanahamisha mizigo. Ndipo jeshi la Uskoti likatokea, wapanda farasi wenye deraya na watu wengi wa miguu wenye pinde na mashoka, wakiongozwa na Alexander wa ukoo wa Stewart. Wanorwe wakamwomba mfalme wao arudi chomboni, akakataa kwanza, akakubali. Ogmund pale juu akaona atazingirwa, akaanza kuwashusha watu wake wakaungane na wenzao ufukweni, wakateremka haraka haraka, wa chini wakaona wenzao wanakuja mbio wakadhani wamekimbia, hofu ikaingia, kila mtu anaparamia mashua, baadhi ya mashua zikazama kwa kuzidiwa watu. Waliobaki wakasimama kuzunguka vyombo vilivyokwama wakapigana kwa mawe, mikuki, chochote. Kuna mpanda farasi mmoja wa Uskoti, maandishi ya Norwe yanamwita Perus, ambaye aliwapita Wanorwe katikati na farasi wake akarudi tena, mpaka Mnorwe mmoja akamkata paja kupitia deraya, akafa pale, wakamvua mkanda wake wa thamani. Kwamba maadui zake ndio waliohifadhi habari ya ushujaa wake ni jambo zuri sana. Mawimbi bado yalikuwa makubwa, msaada kutoka kwenye vyombo ukawa unafika kwa shida, ila jioni Wanorwe wakajikusanya, wakakishambulia kile kilima wakakichukua, Waskoti wakaondoka, Wanorwe wakapanda mashua zao. Wakaja tena baadaye kuchukua maiti wao wakawazika kanisani, wakachoma vyombo vilivyokwama, wakang'oa nanga.

Nani alishinda hapo? Waandishi wa Haakon wanasema sisi, na hawadanganyi moja kwa moja, maana kilima walikichukua na maiti wao waliwazika bila kusumbuliwa. Waskoti wa baadaye wakasema sisi, na kadiri karne zilivyopita maiti za Wanorwe zikawa zinaongezeka kwenye vitabu, zikafika maelfu kwa maelfu, idadi ambayo isingetosha hata kusimama kwenye ule ufukwe. Ikazuka na hadithi ya Mnorwe aliyekanyaga mbigili usiku akiwa peku, akapiga kelele, jeshi lililolala likaamka likaokoka, ndio maana mbigili ni nembo ya Uskoti. Hadithi tamu, na ni ya kutungwa zamani za baadaye, kwanza hakukuwa na uvamizi wa usiku wa aina hiyo. Mimi naona jibu la kweli ni kwamba hakuna aliyeshinda Largs kwa maana ya kivita, ni mapigano ya kuokoa mizigo yaliyosukumwa na upepo. Aliyeshinda ni yule aliyekuwa na nchi kavu nyuma yake na majira ya baridi mbele yake.

Na hata baada ya Largs Haakon hakuwa ameshindwa kiakili. Watu wa Ireland walimtumia ujumbe aende kuwasaidia dhidi ya Waingereza, akataka kweli kwenda, jeshi lake likakataa, chakula kimekwisha. Akawagawia wafuasi wake Bute na Arran kana kwamba bado ni zake, akageuza kaskazini. Alifika Orkney amechoka, akaruhusu vyombo vingi viendelee Norwe, yeye akabaki Kirkwall kwenye nyumba ya askofu, akaugua. Siku zake za mwisho zimeandikwa vizuri. Alitaka asomewe, wakaanza na Biblia na vitabu vya Kilatini, akaona kuifuata Kilatini kunamchosha, akaomba vya Kinorwe, wakamsomea maisha ya watakatifu, yakaisha, wakaingia habari za wafalme wa Norwe mmoja baada ya mwingine kutoka wa zamani kabisa mpaka babu yake Sverre, na ilipoisha hiyo ya Sverre, karibu usiku wa manane, tarehe 16 Desemba 1263, akafa. Alikuwa ametawala miaka 46. Masika wakamsafirisha kwenda kuzikwa Bergen.

Kifo hicho kina uzito kuliko Largs, na kilichofuata mwaka 1264 kina uzito zaidi. Alexander hakukaa kusherehekea, alianza kuandaa jeshi la kwenda Man, na Magnus wa Man, ambaye sasa hana msafara wa Norwe nyuma yake, akaenda Dumfries akapiga magoti. Wengine walifuatwa visiwani kwao, wakauawa au wakanyenyekea au wakakimbia. Kumbukumbu za matumizi za serikali ya Uskoti za wakati huo zina kitu kimoja ambacho kila nikikifikiria kinanigusa, ni malipo ya kumtunza mtoto wa Angus wa Islay, aliyeshikiliwa kule Ayr kama dhamana ya utiifu wa baba yake, pamoja na yaya wake. Mtoto mdogo kiasi cha kuhitaji yaya. Hivyo ndivyo Islay ilivyotulizwa, na humo kwenye vitabu vya hesabu hakuna upanga wala farasi, kuna chakula cha mtoto kilichoandikwa na karani.

Norwe ikabaki na mfalme mpya, Magnus mwana wa Haakon, mtu ambaye Wanorwe wanamkumbuka kama mtengeneza sheria, na huyu alifanya hesabu ambayo baba yake alikataa kuifanya. Visiwa viko mbali, wakubwa wake wameshanyenyekea upande wa pili, kuvirudisha kunahitaji msafara mwingine kama ule uliomuua baba. Wajumbe wakaanza kusafiri. Mwaka 1265 Magnus wa Man akafa bila mrithi halali, mambo yakawa mepesi zaidi, na mwezi Julai 1266 mkataba ukasainiwa Perth. Norwe inaachia Man na visiwa vyote vya magharibi, Orkney na Shetland zinabaki zake. Uskoti inalipa marki (kipimo cha fedha cha wakati huo) 4,000 za fedha kwa awamu nne za mwaka mwaka, na juu yake marki 100 kila mwaka milele, pesa inapelekwa Orkney kwenye kanisa la Mtakatifu Magnus. Atakayevunja mkataba atalipa marki 10,000.

Halafu soma masharti yanayohusu watu, maana ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii. Wakazi wa visiwani hawataadhibiwa kwa yale waliyofanya wakiwa upande wa mfalme wa Norwe. Anayetaka kubaki abaki kwa amani chini ya mfalme mpya, anayetaka kuondoka aondoke na mali zake kwa hiari yake. Na lipo la vyombo, kwamba Wanorwe wakivunjikiwa na chombo kwenye pwani ya Uskoti waachwe wakusanye vyombo vyao, vizima au vilivyovunjika, pamoja na mali zao zote, bila mtu kuwadhulumu. Linganisha na tarehe 2 Oktoba 1263! Miaka isiyotimia mitatu nyuma watu waliuana kwa sababu ya chombo kilichopwelewa na shehena iliyomwagika, sasa wakubwa wa pande zile zile mbili wanaandika kwamba jambo hilo hilo lisitokee tena. Walioandika hivyo walikuwa wanajua wanachoandika, walikuwa na majina ya watu waliokufa Largs vichwani mwao. Huo ni uongozi, na ni uongozi wa pande zote mbili, maana mshindi alikubali kulipa kwa kitu ambacho tayari alikuwa amekishika, na aliyepoteza alikubali kupoteza bila kuacha kisasi kwa watoto wake.

Sisemi mkataba ulikuwa malaika. Watu wa visiwani hawakuulizwa, sio 1098 wala 1266, walihamishwa kutoka kitabu kimoja kwenda kingine, na Man ilionyesha hasira yake mwaka 1275 ilipoinuka chini ya Godred, mtoto wa nje wa yule Magnus, Waskoti wakaja wakawapiga pale Ronaldsway wakaua watu zaidi ya 500 kwa mujibu wa mwandishi wa kisiwa chenyewe. Hiyo ni vita yenye maiti nyingi kuliko Largs kwa hakika, na haina penseli ya mawe ya mtu yeyote. Ila kati ya Norwe na Uskoti wenyewe amani ilishika. Mwaka 1281 binti wa Alexander akaolewa na mjukuu wa Haakon, yaani familia mbili zilizokuwa zinarushiana mishale zikawa na mtoto mmoja, na mtoto huyo, Margaret, ndiye aliyekuwa arithi Uskoti baada ya Alexander kuanguka na farasi usiku wa mwezi Machi 1286. Alifia Orkney mwaka 1290 akiwa njiani kuja, na Uskoti ikaingia kwenye balaa la Waingereza.

Zile marki 100 za kila mwaka zilikuwa na safari yake ndefu. Zililipwa, zikasahaulika, zikadaiwa. Robert Bruce, mfalme wa Uskoti, akiwa katikati ya vita vyake na Uingereza, alikubali kuuhuisha mkataba na Norwe kule Inverness mwaka 1312, halafu malipo yakalegea tena kwa miaka na miaka, deni likajilimbikiza mpaka wakati Norwe ikawa chini ya mfalme wa Denmark. Mwaka 1468 yakafikiwa makubaliano James wa tatu wa Uskoti amuoe binti wa mfalme huyo, na kwenye mahari, ambayo kwao ilitolewa na upande wa bibi arusi, deni lote la marki 100 likafutwa. Mfalme wa Denmark aliahidi pia florini 60,000, hakuwa nazo, akaiweka Orkney rehani kwa 50,000, na mwaka uliofuata, zile 10,000 zilizobaki nazo zikiwa zimemshinda, akaongeza Shetland kwa 8,000. Wafalme wa Denmark waliomfuata waliomba zaidi ya mara moja kulipa na kurudishiwa visiwa vyao, na kila mara Waskoti walikuwa na sababu ya kuahirisha. Rehani hiyo haijakombolewa mpaka leo.